Mwiko wa Farasi

Waandikao habari za mila katika nchi zetu wana desturi moja ambayo haijaandikwa nao: mwiko wa Mwafrika hutiwa kitabuni, na mwiko wa Mzungu hautiwi. Mzee wa Kimaasai akikataa kula samaki, jambo hilo hupewa sura yake na maelezo yake. Mwingereza akikataa kula farasi, hapana aandikaye neno, kwa kuwa yadhaniwa huyo hana mwiko, ana akili tu. Twataka kuitengeneza kasoro hiyo kidogo. Tutauchukua mwiko wa farasi kama ulivyo kwa watu wa Ulaya, na kuupeleleza kwa maswali yale yale tuliyofundishwa kuwauliza wazee wa vijijini: Ni nani akataaye? Ni nani alaye? Sababu isemwayo ni ipi? Na je, sababu isemwayo ndiyo sababu yenyewe?

Yafaa tuanze na maneno. Kiswahili kina maneno mengi ya kukataa chakula, wala hayalingani. Haramu ni kilichokatazwa na sheria ya dini. Najisi ni kile kimwondoleacho mtu utohara wake. Kibudu ni nyama ya mnyama aliyejifia pasipo kuchinjwa. Mwiko ni katazo la desturi, liwe la ukoo, la mganga au la siku fulani. Mzio ni nduguye mwiko, tena ni ndugu wa omuziro wa Baganda, yaani mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo hawakili kwa kuwa ndicho kiupacho ukoo jina lake. Siku hizi madaktari wamelichukua neno hilo kwa mwili ukataao chakula au dawa, nao wamechagua vema. Mwisho kabisa kipo kinyaa. Kinyaa hakina sheria, hakina ukoo, hakina mganga; ni tumbo tu lililogeuka. Katika jamaa hii ndicho kidogo kwa heshima na ndicho kikubwa kwa nguvu, na kwa kuwa hakina heshima hupenda kuazima kanzu ya wakubwa wake. Kinyaa kikiulizwa jina, hujibu kwamba kinaitwa haramu. (Kwamba mwiko ni katazo la chakula na tena ni kile kijiti kipana cha kusongea ugali, ni jambo litupendezalo sana, lakini tutaliachia siku nyingine.)

Tena liko neno nyama. Katika Kiswahili cha zamani nyama ni kitoweo, na nyama ni mnyama mwenyewe. Wazee husema hata leo nyama wa mwitu. Msemaji wa lugha hii hamfichi mnyama achinjwaye. Kiingereza humficha. Ng'ombe wa Kiingereza ana jina moja zizini na jina jingine mezani, na lile la mezani lilikuja na watu wa Normandy walioiteka nchi mwaka 1066. Hali kadhalika nguruwe na kondoo. Farasi peke yake hakupata jina la mezani. Akifika katika sahani, afika na jina lile lile alilokuwa nalo alipokuwa akishindana mbio, na pengine mwenye kula akumbuka hata jina alilopewa na watoto. Twaamini kwamba sehemu ya kinyaa cha Waingereza i hapa, katika sarufi.

Nguvu ya kinyaa hicho ilionekana mwezi wa Januari mwaka 2013, wakaguzi wa chakula wa Ireland walipotangaza kwamba katika vipande vya nyama ya kusaga vilivyouzwa kwa jina la ng'ombe imeonekana nyama ya farasi, na katika kipande kimoja ilikuwa yapata asilimia 29. Mambo yakaenea hata nchi nyingi za Ulaya. Sasa, msomaji na atazame malalamiko yalivyokuwa. Wako waliosema, Tumedanganywa; nao walisema haki, maana mwenye kuuza kitu kwa jina la kitu kingine ni mwizi hata kama kitu chenyewe ni kitamu. Wako waliosema, Pengine farasi hao walipewa dawa za maumivu zisizofaa kuingia katika mwili wa mtu. Na hao pia walisema neno la busara. Lakini juu ya sauti hizo mbili ilisikika ya tatu, kubwa kuliko zote, isiyoleta hoja yo yote. Ilisema tu, Farasi! kama mtu asemavyo, Nyoka! Sauti hiyo ya tatu ndiyo tuipelelezayo.

Je, imetoka katika Maandiko? Wengi wa wasomaji wetu wana kitabu karibu. Na wafungue Mambo ya Walawi, sura ya 11. Wamo ngamia, wibari, sungura na nguruwe, kila mmoja kwa jina lake. Farasi hakutajwa. Ni kweli kwamba hacheui wala hana kwato zilizopasuka, kwa hiyo amekatazwa pamoja na wenziwe. Lakini atakayemkataa kwa sheria hiyo hana budi kumkataa nguruwe kwanza, ambaye ametajwa waziwazi, nasi hatujasikia Mwingereza akilia kwa sababu ya nguruwe katika soseji yake. Tena ipo ile nguo kubwa iliyoshuka kutoka mbinguni mbele ya Petro, katika Matendo ya Mitume sura ya 10, iliyojaa wanyama wa kila namna. Katazo la chakula lililoandikwa na Mitume kwa ajili ya watu wa mataifa ni lile la sura ya 15, nalo lasema juu ya vilivyotolewa kwa sanamu, na damu, na vilivyonyongwa. Damu! Wazungu hupika soseji za damu katika Ujerumani, na katika Uingereza huliwa asubuhi pamoja na mayai, wala hapana ashangaaye. Bali Mmaasai anyweapo damu ya ng'ombe katika kibuyu, picha yake hupigwa na kupelekwa mbali.

Basi katazo la farasi halikutoka kwa Musa wala kwa Mitume. Lilitoka Roma, na tarehe yake yajulikana. Yapata mwaka 732 Papa Gregori wa Tatu alimwandikia Bonifasi, yule Mwingereza aliyekuwa akihubiri katika nchi za Wajerumani. Bonifasi alikuwa amempasha habari kwamba wako watu kule walao farasi wa mwitu, na wengi zaidi walao farasi wa kufugwa. Papa amjibu asiliache jambo hilo kamwe, alizuie kwa kila njia awezayo, na awape walao malipizi yawapasayo, kwa kuwa ni jambo chafu na la kuchukiza.

Barua hii imetajwa mara nyingi katika vitabu, na hapa ndipo tulipo na neno la kuwalaumu waandishi. Karibu wote husema kwamba Papa aliikataza nyama ya farasi kwa sababu ilikuwa nyama ya matambiko, iliyoliwa mbele ya miungu ya Wajerumani. Yamkini ni kweli. Lakini barua yenyewe haisemi hivyo. Katika maneno yake juu ya farasi haitaji tambiko, haitaji mungu wala sanamu; yasema uchafu tu. Wengine wamekwenda mbali zaidi, wakasema Papa alitaka farasi waachwe kwa ajili ya vita, maana mwaka ule ule 732 Charles Martel alipigana na majeshi ya Waarabu katika Ufaransa. Juu ya vita barua haina hata neno moja. Mwalimu amsahihishaye mtoto kwa kuandika yasiyomo katika kitabu alichosoma, na ajue kwamba wataalamu wakubwa wamelifanya jambo lilo hilo kwa miaka mingi.

Tena tukisema ilikuwa kwa sababu ya tambiko, twaingia katika shida nyingine. Mwaka 601, miaka 130 na zaidi kabla ya barua hiyo, Papa mwingine wa jina hilo, Gregori Mkuu, alimwandikia abati Mellitus aliyekuwa njiani kwenda Uingereza. Alisema majumba ya sanamu yasibomolewe, zivunjwe sanamu tu, na majumba yatakaswe. Na kwa kuwa watu wale walizoea kuwachinjia mashetani ng'ombe wengi, aliagiza kwamba katika sikukuu za mashahidi wajenge vibanda vya matawi kulizunguka kanisa, wachinje ng'ombe wao kwa kula, na kumshukuru Mungu. Twaisoma barua hii kila mara kwa furaha. Yaonyesha mtu aliyejua kwamba kijiji hakigeuki kwa siku moja. Lakini ikiwa ng'ombe wa tambiko aliweza kutolewa mikononi mwa mashetani na kuletwa uwanjani pa kanisa, kwa nini farasi wa tambiko asiweze? Sisi twaona jibu ni rahisi, wala si la kupendeza. Ng'ombe alikuwa akiliwa Roma. Farasi hakuwa akiliwa Roma. Ng'ombe alibatizwa, farasi akatengwa; na tofauti kati yao haikuwa katika tambiko la Mjerumani, ilikuwa jikoni kwa mjumbe.

Atakayesema twamdhulumu Papa na asome barua ya mwaka 751, ambayo Papa Zakaria alimwandikia Bonifasi yule yule, aliyekuwa mzee sasa. Bonifasi ameuliza juu ya vyakula. Papa amjibu kwamba Wakristo wasile kamwe kunguru wakubwa kwa wadogo, wala korongo. Na zaidi ya hao waepuke biva, mnyama yule wa mitoni ajengaye maboma ya miti, na sungura, na farasi wa mwitu. Kisha ajibu swali jingine la Bonifasi: nyama ya nguruwe yenye mafuta yafaa kuliwa baada ya muda gani tangu kuchinjwa? Zakaria amesema kwamba juu ya hilo mababa hawakuacha agizo lo lote, lakini shauri lake ni kwamba isiliwe kabla ya kukaushwa kwa moshi au kupikwa kwa moto. Na mwenye kupenda kuila mbichi, na angoje Pasaka ipite. Hapo hapana neno la uchafu tena. Pana shauri la upole la mtu ajuaye nyama ya nguruwe ni nini, na aipendavyo. Nguruwe, aliyetajwa na Musa kwa jina, apewa mapishi. Korongo na sungura wapewa laana.

Sungura ndiye shahidi wetu mkubwa. Katika Ulaya yote ya leo Wakristo humla sungura mwitu kwa mvinyo na vitunguu, wala hapana padre aulizaye. Katazo lake lilitoka kinywa kimoja na la farasi, katika sentensi moja, nalo limekufa. La farasi li hai. Kama ni utii kwa Papa uliolihifadhi, ungalihifadhi na la sungura pia. Wala Waingereza hawakulishika upesi. Mwaka 786 wajumbe wa Papa Hadriani waliofika Uingereza walilalamika kwamba wengi wa watu wa kule wala farasi, jambo ambalo Wakristo wa Mashariki hawalifanyi. Bonifasi alikuwa amekwisha kuuawa miaka 32 nyuma, baada ya kuwakataza Wajerumani kwa amri ya Roma kile ambacho ndugu zake mwenyewe walikuwa wakikila nyumbani.

Jambo hili lilipofika katika nchi za kaskazini likawa la hatari. Snorri Sturluson, mwandishi wa Iceland wa karne ya 13, asimulia habari za Haakon, mfalme wa Norway, aliyelelewa Uingereza akawa Mkristo. Katika karamu ya mavuno wakulima walimtaka ale nyama ya farasi, akakataa. Basi anywe mchuzi, akakataa. Basi aonje mafuta, akakataa. Walipokuwa karibu kumshambulia, liwali wake Sigurd akapatanisha kwa kumwomba mfalme aachame tu juu ya mkono wa chungu, palipokuwa pameshika mvuke wa mchuzi. Mfalme akaufunga mkono ule kwa kitambaa cha kitani, akaachama juu yake, akarudi kitini. Wala upande huu wala upande ule haukuridhika. Majira ya baridi yaliyofuata walimlazimisha kula vipande vya maini. Snorri aliandika miaka 300 baadaye, nasi hatutaapa kwamba kitambaa kilikuwa cha kitani; lakini mwalimu ye yote aliyekaa arusini kwa jamaa yake, na kibuyu cha pombe ya mizimu kikamfikia mbele ya wazee, amjua mfalme huyo vizuri.

Iceland wenyewe walikata shauri kwa njia nyingine. Mnamo mwaka 1000 nchi ilikaribia kugawanyika kati ya Wakristo na wa dini ya zamani, wakakubaliana kumwachia hukumu Thorgeir, msema-sheria, ambaye hakuwa Mkristo. Akalala chini ya joho lake mchana na usiku. Alipoinuka aliamua kwamba watu wote wabatizwe, na nchi iwe na sheria moja. Ila mambo mawili yabaki kama yalivyokuwa, kuwatupa watoto wachanga na kula nyama ya farasi, na watoao sadaka za kale kwa siri wasiadhibiwe pasipo mashahidi. Ari Thorgilsson, aliyeandika habari hizi katika karne ya 12, asema baada ya miaka michache ruhusa hizo ziliondolewa.

Hapa twawaomba wenzetu mapadre na walimu wasimame kitambo. Mtoto atupwaye jangwani afe kwa baridi, na kipande cha nyama katika chungu: mambo hayo mawili yaliruhusiwa kwa sentensi moja na kukatazwa kwa pigo moja, kana kwamba uzito wake ni mmoja. Thorgeir asiyebatizwa hatumlaumu, maana yeye alihesabu tu mambo ambayo maskini wasingeweza kuyaacha upesi. Twawalaumu waliokuja baadaye na mizani ya Injili mkononi, wasiitumie. Na historia imewapima kwa namna yake. Leo katika Iceland hapana atupaye mtoto, na nyama ya farasi yauzwa dukani, na wale waliokula Jumamosi huonekana kanisani Jumapili.

Ya karne za karibu twayapita upesi. Wafaransa walirudi kwa farasi kwa njia ya njaa na ya elimu. Mwaka 1809 Larrey, daktari wa majeshi ya Napoleon, aliwapikia majeruhi supu ya farasi katika dirii za askari, pasipo chumvi, kwa kutia baruti. Mwaka 1856 Isidore Geoffroy Saint-Hilaire, mtaalamu wa wanyama, aliandika kitabu kizima cha kuisifu nyama hiyo kuwa chakula cha maskini. Mwaka 1866 bucha za farasi ziliruhusiwa Paris. Na wakati mji ulipozingirwa, mwaka 1870 na 1871, wengi waliokuwa hawajaizoea wakaizoea. Huko London walifanya karamu ya farasi katika hoteli ya Langham mwaka 1868. Akaalikwa Frank Buckland, mtu aliyesifika kwa kula wanyama wa kila aina, hata chui. Naye aliondoka akisema nyama hiyo haitapata nafasi Uingereza. Sheria haikuikataza. Iliagiza tu, mwaka 1889, kwamba duka liuzalo farasi liandike hivyo mlangoni kwa herufi zisizopungua inchi 4. Kinyaa kilifanya kazi iliyobaki.

Msomaji atauliza pwani yetu husemaje. Yasema neno la kuchekesha. Jirani zetu Waislamu wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo nyama ya farasi ni halali: wanavyuoni hutegemea hadithi ya Asma binti Abu Bakar, kwamba zamani za Mtume walichinja farasi wakamla. Abu Hanifa, imamu wa madhehebu mengine, hakuipenda, kwa kuwa Kurani yawataja farasi, nyumbu na punda kuwa wameumbwa wapandwe na wawe pambo. Sasa tazama. Wakazaki wa Asia ya Kati ni wa madhehebu ya Abu Hanifa, nao humheshimu mgeni kwa soseji ya farasi. Waswahili ni wa Shafi, na hatujaona farasi katika pilau yo yote ya Unguja wala ya Lamu. Sheria yaruhusu hapa, watu hawali. Yachukia kule, watu wala. Sababu ya hapa ni nyepesi: farasi alikuwa haba. Barani mbung'o waliwaua, na maradhi ya farasi yakawamaliza waliosalia, hata mwenye farasi alikuwa sultani au mtu wa makamo yake. Hapana aliyekuwa na wa kumla.

Aliyekuwapo ni punda, na hapo mambo yabadilika. Waturkana humla punda, na majirani zao huwacheka. Katika miaka ya karibuni Wakenya walipopata habari kwamba nyama ya punda imeuzwa kwa jina la ng'ombe, sauti zile tatu za Ireland zilisikika tena, kwa Kiswahili. Na tukumbuke kwamba lilikuwapo jambo zito kuliko kinyaa: ngozi za punda zilikuwa zikitafutwa sana kwa dawa za Kichina, punda wa maskini wakaibiwa usiku na kuchinjwa vichakani, na mama aliyechotewa maji na punda akayachota kwa kichwa chake. Ndiyo maana mwezi wa Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kuzuia kwa miaka 15 kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Hilo ni katazo lenye sababu yake iliyoandikwa ndani yake, nasi twalipenda zaidi ya barua ya Papa Gregori wa Tatu.

Basi, na kwetu? Senene wa Bukoba, kumbikumbi wa Waluhya, panya wa mashamba ambao Malawi huchemshwa na kutungwa vijitini na kuuzwa kando ya barabara: hivi vyote tumesikia vikiitwa ushenzi katika madarasa, na mara nyingi si na Mzungu, bali na mwalimu mweusi aliyetoka kabila lisilokula kitu hicho. Huyo ni Zakaria na korongo wake. Walakini hatutaki msomaji aende upande wa pili akadhani kila katazo la chakula ni la kuachwa lilale. Katika Buganda ya zamani wanawake hawakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Walipika, wakawapelekea waume, wakanawa mikono. Nao wanawake walikamata senene, wakang'oa mabawa na miguu, wakawakaanga, na walaji walikuwa waume. Mwalimu wa kwanza aliyemwambia msichana wa Kiganda, Kula yai, hakuwa akipeleka mapishi ya nyumbani kwake. Mama wakwe walikasirika sana, na mabaki ya mwiko huo yalikawia miaka mingi. Wako mabibi waliozeeka na kufa wasionje kuku, wakasema kwamba harufu yake tu yawachafua moyo.